Sindano ya Sikio na Muwasho wa Kilombero

Mwaka 1994 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero kisicho mbali na Ifakara, ambako watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walifuatiliwa katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66. Chanjo hiyo ilibuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, na sifa zake zilikwisha kuenea dunia nzima. Idete ilitoa jibu la kutia moyo, lakini la wastani: kinga ya asilimia 31, huku hesabu zikionyesha kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Baadaye Gambia haikuona kinga ya maana, Thailand haikuiona kabisa, na jaribio jingine la Tanzania, safari hii kwa watoto wachanga, nalo likatoka mikono mitupu. Chanjo ikawekwa kando. Naanza na habari hii kwa sababu watu wa Kilombero wamewahi kuona kwa macho yao jambo ambalo sehemu nyingi hulisoma vitabuni tu: dawa yenye jina kubwa, yenye watetezi wa kweli na wasomi, ikipimwa mbele ya kundi la kulinganisha na kukutwa nyepesi. Kipimo kile kile ndicho ninachotaka kukitumia kwa tiba ya kuchoma sindano sikioni ili kuondoa mzio. Ukiipima hivyo, tiba hiyo inabaki na kitu kidogo mkononi, nacho ni nafuu ya muda kwa baadhi ya wenye mafua ya mzio. Nje ya hapo haina ushahidi wa kusimamia, na katika bonde hili ina hatari moja ambayo kule Ulaya haizungumzwi sana, yaani kumtuliza mtu ambaye muwasho wake una chanzo kinachojulikana na kinachotibika.

Tiba yenyewe si kongwe kama wengi wanavyodhani. Wachina wamechoma sindano mwilini kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na maandiko yao ya kale yanalitaja sikio, lakini ramani ya sikio inayobandikwa leo kwenye kuta za kliniki ilianzia Ufaransa. Paul Nogier, daktari wa mji wa Lyon, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipokea wagonjwa waliokuwa na kovu dogo la moto sikioni. Walikuwa wamechomwa na mganga wa kienyeji ili kutibu maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni, nao walidai wamepona. Nogier akafuatilia, akajaribu mwenyewe, kisha akatoa wazo kwamba sikio ni picha ya mtoto aliye tumboni, kichwa kikiwa chini penye ndewe na miguu ikiwa juu. Wazo hilo likasafiri hadi China, Wachina wakachora ramani yao, na ramani hizo mbili hazikubaliani kila mahali, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilihusika kuitisha mikutano, Seoul mwaka 1987 na Lyon mwaka 1990, ili angalau majina ya pointi yafanane. Kwa mzio, pointi inayotajwa zaidi iko kwenye kilele cha sikio, pale panapojikunja ukililaza sikio kwa mbele. Hapo hutobolewa kwa sindano, au hukamuliwa matone ya damu, au hubandikwa mbegu ndogo kwa plasta ili mgonjwa aiminye mwenyewe nyumbani. Mtu wa mwambao aliyezoea kuumikwa, au wa bara anayejua chale, hatashangaa. Wazo kwamba ugonjwa wa ndani unaweza kushikwa kutokea kwenye ngozi ni la watu wote.

Wala njia iliyoileta tiba ya Kichina nchini haiko mbali na bonde hili. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na Mang'ula ikawa moja ya kambi na karakana kubwa za ujenzi huo. Soko lilipofunguliwa, miaka ya 1990 zahanati binafsi za tiba ya Kichina zilichipuka Dar es Salaam. Jirani zetu wa Uganda wamekuwa na mradi wa PanAfrican Acupuncture Project, ambao umewafundisha wahudumu wa afya wa nchi hiyo kutumia sindano katika kazi zao za kila siku. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeunda baraza la kuwasajili watoa tiba wa aina hii. Kwa hiyo suala la uhalali na la ugeni tuliache. Mtu mwenye leseni anaweza kufungua chumba Ifakara kesho. Swali lililobaki ni gumu zaidi: atakachokuwa anakiuza kinafanya kazi gani, na kwa nani?

Tukumbushane mzio ni nini. Kinga ya mwili hukosea, ikakichukulia kitu kisicho na madhara, kama chavua au kinyesi cha utitiri wa vumbi, kuwa adui. Hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli maalumu puani, kooni, mapafuni na kwenye ngozi. Kitu hicho kikirudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine, na hapo ndipo mtu hupiga chafya mfululizo, macho hutoa machozi, ngozi huvimba mabaka, au njia za hewa hubana. Sifa moja ya mzio ni muhimu sana kwa hoja yetu: hupanda na kushuka wenyewe. Mpunga ukivunwa na mashine za kukoboa zikianza kunguruma, vumbi la pumba hujaa hewani na pua huziba. Mvua zikirudi, vumbi hulala na pua hufunguka. Mgonjwa hamwendei tabibu siku anayojisikia vizuri. Humwendea siku ugonjwa uko kileleni, na kutoka kileleni njia ni moja tu, nayo ni ya kushuka. Anayechomwa sindano siku hiyo atashuka na sindano, asiyechomwa atashuka bila sindano, na wa kwanza atakuwa na ushuhuda wa kutoa. Ndiyo maana ushuhuda, hata wa watu elfu, haujibu swali hili. Tuliona mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, namna maelfu walivyopanga foleni ya magari kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wengi waliorudi walisema kwa dhati kabisa kwamba wamepona.

Kinachojibu swali ni kulinganisha, na kazi hiyo imefanyika kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikusanya majaribio ya tiba ya sikio kwa mafua ya mzio. Majaribio yenyewe yalikuwa machache sana na mengi yalikuwa dhaifu katika namna yalivyoendeshwa, kwa hiyo wachambuzi hawakuweza kutoa hukumu ya uhakika. Kwa ushahidi ulio mzito zaidi inabidi tutoke sikioni twende kwenye sindano za mwilini. Wajerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwagawa kwa kura wagonjwa 422 wenye mzio wa chavua. Baadhi walichomwa sindano mahali panapotakiwa, wengine walichomwa juu juu mahali pasipohusika bila kujua, na kundi la tatu lilitumia vidonge vya mzio tu. Baada ya wiki nane waliochomwa kweli walijisikia vizuri zaidi kuliko waliochomwa kwa kuigiza, na walitumia vidonge vichache zaidi, lakini tofauti kwenye kipimo cha ubora wa maisha chenye ngazi sifuri hadi sita ilikuwa nusu ngazi. Kufikia wiki ya 16 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Kwa msingi wa matokeo kama hayo, mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2015 unaruhusu akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano, itolewe kama chaguo kwa wagonjwa wa mafua ya mzio wanaopendelea njia isiyo ya dawa. Ruhusa hiyo ni ya haki, na upole wa maneno yake unatosha kumweleza msomaji uzito wa ushahidi uliopo. Iliandikwa kwa ajili ya pua peke yake; pumu, mzio wa chakula na muwasho wa mwili mzima havimo.

Kuhusu pumu kuna utafiti mmoja ambao kila anayetaka kutibu kifua kupitia sikioni angepaswa kuukariri. Ulifanyika Boston, ukachapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 39 wa pumu waliukamilisha, na kila mmoja alipitia kwa zamu dawa ya kuvuta ya albuterol, ambayo sisi tunaiita salbutamol, kisha dawa ya kuvuta isiyo na kitu ndani, kisha akupancha ya kuigiza, na siku nyingine hakupewa chochote. Kisha waliulizwa wanajisikiaje, na pia walipuliza kwenye mashine inayopima nguvu ya pumzi. Kwa maneno yao wenyewe, nafuu ilikuwa asilimia 50 kwa salbutamol, 45 kwa kopo tupu, 46 kwa sindano za kuigiza, na 21 walipoachwa hivi hivi. Hapo mtu angeweza kusema sindano ni sawa na dawa. Mashine ilisema jingine kabisa: salbutamol iliongeza nguvu ya pumzi kwa asilimia 20, na zile njia nyingine tatu zote ziliishia kwenye asilimia 7 hivi, ikiwemo ile ya kutopewa chochote. Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kuapa kuwa kifua kimefunguka ilhali mapafu yake yamebana vile vile. Kwa pua inayowasha, kujisikia vizuri ndiyo sehemu kubwa ya uponyaji wenyewe, na sioni aibu kukubali hivyo. Kwa pumu, kujisikia vizuri bila hewa kuongezeka ni mtego, maana mtu huyo hataitafuta dawa hadi usiku ule ambao nafuu ya fikra haitoshi tena, na kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto hadi hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara si hatua mbili.

Watetezi wa tiba ya sikio wana jibu la kisayansi, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema sikio lina tawi la neva ya vegasi, ile neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kuteremka hadi moyoni na tumboni, na kwamba tangu utafiti wa Kevin Tracey mwanzoni mwa miaka ya 2000 imejulikana kuwa neva hiyo hushiriki kupunguza uvimbe mwilini. Yote mawili ni kweli. Lakini uchunguzi wa anatomia unaonyesha kwamba tawi hilo hufika hasa kwenye bonde la ndani la sikio, karibu na tundu. Kilele cha sikio, mahali ambapo ramani inaweka pointi ya mzio, hupata hisia zake kutoka kwa neva nyingine kabisa. Kama vegasi ndiyo inayotibu, basi ramani imekosea mahali, na kama ramani iko sahihi, basi vegasi haihusiki. Hoja hizo mbili haziwezi kubebwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, ingawa kila siku zinabebwa.

Dhaifu zaidi ni tawi la tiba hii linalodai kutambua vyakula ambavyo mwili hauvipendi. Nogier mwenyewe, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono hubadilika sikio linapoguswa, na wafuasi wake wakaigeuza kuwa njia ya kupima: chakula husogezwa karibu na mgonjwa, tabibu hushika mapigo, kisha hutaja kipi kinamdhuru. Hakuna jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba mtabibu asiyejua kilichomo ndani ya kichupa anaweza kutofautisha kwa njia hiyo karanga na maji. Mtu mzima mwenye kipato anayeambiwa aache ngano na maziwa atalalamika tu. Mama wa Mlimba anayeambiwa mwanawe asile samaki, mayai wala karanga anapokonywa karibu kila chakula cha kujenga mwili alichonacho, abaki na wali mtupu. Utapiamlo unaoanza hivyo hauandikwi popote kuwa ni madhara ya sindano.

Sasa tuje kwenye muwasho, maana hapo ndipo Kilombero inapotofautiana na Lyon. Mtu wa Ufaransa anayejikuna miezi mitatu, baada ya daktari kuondoa sababu chache za kawaida, ana haki ya kudhani ni mzio. Mtu wa hapa hana haki hiyo bado. Kusini mwa bonde, kwenye miinuko ya Mahenge na mito yake ya kasi, liko moja ya maeneo sugu ya ugonjwa wa usubi nchini. Nzi weusi wanaouma kando ya mito hueneza minyoo ambayo vitoto vyake hutembea chini ya ngozi na kusababisha muwasho wa kumtoa mtu usingizini, ngozi ikakauka, ikawa na mabaka na kuzeeka kabla ya wakati; baadaye macho huharibika. Dawa ya ivermectin imekuwa ikigawiwa kwa jamii huko tangu mwaka 1997, na bado watafiti wanakuta maambukizi yakiendelea. Upele, ule wa wadudu wanaochimba kwenye ngozi, huwapata familia nzima kwa pamoja na kuwasha zaidi usiku. Minyoo ya strongyloides, inayoingia kupitia ngozi ya anayekanyaga udongo wenye unyevu, huacha mistari inayowasha na wakati mwingine kikohozi. Magonjwa haya matatu yote yana dawa, na kwa yote matatu ivermectin ni miongoni mwa dawa zinazotumika.

Halafu kuna Virusi vya Ukimwi. Ifakara ina Kliniki ya Magonjwa Sugu, moja ya vituo vya mwanzo vya vijijini Tanzania kutoa dawa za kufubaza virusi, na kundi la wagonjwa wake wa Kilombero na Ulanga limefuatiliwa kitafiti tangu mwaka 2005. Daktari yeyote wa kliniki ya aina hiyo anavijua vipele vidogo vigumu vinavyowasha miguuni na mikononi kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Watafiti waliofanya kazi Uganda walichukua vipande vya ngozi ya wagonjwa 102 wenye vipele hivyo, na mwaka 2004 wakaripoti katika jarida la JAMA kwamba asilimia 84 walikuwa na alama za kuumwa na wadudu. Kwa maneno mengine, kinga iliyovurugwa na virusi ilikuwa ikiitikia kupita kiasi kuumwa na mbu na wadudu wengine. Ukitaka kuuita mzio, uite, hutakuwa umekosea sana. Lakini mzio huu hutulia kinga inapojengwa upya na dawa za kufubaza virusi. Mtu huyu akipewa mbegu ya kubandika sikioni, akaambiwa arudi wiki ijayo, na muwasho ukapungua kidogo kwa sababu zile zile za kupanda na kushuka, ameibiwa miezi ambayo hakuwa nayo ya kupoteza.

Kwenye kifua mambo ni hayo hayo. Kikohozi kisichoisha kinaweza kuwa pumu, na kinaweza kuwa kifua kikuu. Kinaweza pia kuwa moshi: wa kuni jikoni, au wa mashamba ya miwa upande wa Kidatu, ambayo huchomwa moto kabla ya kuvunwa. Anayeishi na moshi hana mzio wa moshi. Ana moshi, na hakuna pointi ya sikio itakayojenga dohani.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi dhidi ya hoja kama yangu ni la artemisini. Watu husema, na ni kweli, kwamba tiba ya Kichina ilidharauliwa hadi ilipotupatia dawa ya malaria ambayo leo kila zahanati ya Kilombero inaitegemea. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya nne, akaelewa kwamba mmea wa dawa hiyo haupaswi kuchemshwa, akatoa kiini chake kwa njia ya baridi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Na Tanzania iliichagua dawa ya mseto, ALu, kuwa ya kwanza kwa malaria isiyo kali mwishoni mwa mwaka 2006. Lakini tazama vizuri ni nini kilichotokea hapo. Mradi wa Wachina ulioanza mwaka 1967 ulipitia mapishi ya kale kwa mamia na mimea kwa mamia, na karibu yote yakatupwa. Mmea uliobaki haukubaki kwa sababu ni wa kale. Ulibaki kwa sababu vimelea vilikufa, kwanza ndani ya panya na nyani, kisha ndani ya watu, tena na tena, mbele ya yeyote aliyetaka kuhesabu. Artemisini basi ni shahidi wa upande wangu. Inaonyesha kwamba tiba ya Kichina ikipita kwenye chujio hupokelewa kwa mikono miwili, na kwamba chujio lenyewe Wachina walilitumia bila huruma kwa urithi wao wenyewe. Sindano ya sikio kwa mzio imefika kwenye chujio hilo, na hadi sasa kilichopita ni kidogo.

Pingamizi la pili ni la watu wapole: haina madhara, kwa nini kuwakataza wanaoitaka? Kwanza, si kweli kabisa kwamba haina madhara. Gegedu la sikio halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando uliolifunika. Likiingiwa na vijidudu kupitia kitobo kichafu, kinga huchelewa kufika, na sikio linaweza kukunjamana lisirudi umbo lake. Sindano inayotumika kwa zaidi ya mtu mmoja hubeba homa ya ini na Virusi vya Ukimwi kama sindano nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo, anayesisitiza kuijaribu tiba hii ni heri atumie mbegu zisizotoboa ngozi. Lakini dhara kubwa liko kwenye kuchelewa. Susanna Hausmann Muela na wenzake, waliofanya utafiti Ifakara katika miaka ya 1990, walieleza jinsi wagonjwa wanavyokwenda hospitali na kwa mganga kwa kupokezana, na jinsi kipimo cha hospitali kisichoona kitu kinavyoweza kufasiriwa kwamba wachawi wamevificha vimelea ili mashine isivione. Funzo la kazi ile ni kwamba mtu wa Kilombero hachagui kambi moja na kuiacha nyingine. Hupanga safu: kwanza huku, kisha kule, kisha kurudi. Kwa hiyo kupiga marufuku sindano ya sikio kusingesaidia, na kuinadi si salama. Kinachoamua usalama wa mgonjwa ni nani yuko wa kwanza kwenye safu.

La tatu ni gharama, na hapa wakosoaji wa hospitali wana hoja ya haki. Dawa za pumu za kuvuta zenye steroidi, zile zinazozuia shambulio badala ya kulifukuza, hazipatikani kwa urahisi vijijini, na mgonjwa wa pumu anayepewa vidonge vya salbutamol kila mara bila dawa ya kuzuia hatendewi haki. Kwa upande wa pumu hospitali ina deni. Kwa upande wa pua, hapana: setirizini na piritoni ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa kwenye duka la dawa muhimu, na hakuna vikao kumi vya sindano vitakavyoshindana nazo kwa bei. Anayesema analeta tiba ya sikio kwa ajili ya maskini inabidi aonyeshe hesabu.

Je, Ifakara iifanyie tiba hii jaribio? Uwezo upo. Maabara aliyoianzisha Rudolf Geigy wa Basel mwaka 1957 imekua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na bonde hili ndilo lililoonyesha, kupitia mradi wa KINET wa vyandarua vyenye dawa, kwamba uwezekano wa kuishi wa watoto waliolala ndani ya chandarua uliongezeka kwa asilimia 27. Jaribio la sikio lisingehitaji mambo makubwa: watu wenye mafua ya mzio yaliyothibitishwa, msimu mmoja wa mavuno ya mpunga, mbegu zikibandikwa kwa kura kwenye pointi ya ramani au kwenye pointi isiyohusika, anayepima matokeo asijue nani ni nani, na hesabu ya vidonge vilivyomezwa ichukuliwe kuwa ushahidi pamoja na maneno ya mgonjwa. Kama kuna mwanafunzi wa udaktari anayetafuta mada ya tasnifu, hiyo ni mada nzuri na ya bei nafuu. Ila kama fedha ni za kuchagua, mimi ningezipeleka kwanza kwenye swali jingine: kati ya wote wanaonunua dawa ya mzio kwenye maduka ya dawa ya Kilombero na Ulanga kwa ajili ya kujikuna, wangapi wana usubi, wangapi wana upele, na wangapi hawajawahi kupima Virusi vya Ukimwi?

Hadi majibu hayo yapatikane, hukumu yangu ni hii. Mtu mzima mwenye mafua ya mzio, aliyekwisha kuchunguzwa, akitaka kubandikwa mbegu sikioni huku vidonge vyake viko mfukoni, aachwe abandikwe. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta hata siku moja kwa ahadi ya sikio. Aliyewahi kuvimba uso au kuishiwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, kumeza dawa au kula chakula fulani, tiba yake ya dharura ni adrenalini, na hana shughuli kabisa na sindano hizi. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwatake wote wanaotangaza kutibu mzio wampeleke kwanza kituo cha afya kila mteja anayewashwa zaidi ya wiki mbili au kukohoa kwa muda kama huo, na liandike sharti hilo kwenye leseni zao. Nawe msomaji wa Malinyi, Mlimba au Mahenge unayejikuna usiku na hujapimwa: nenda ukachunguzwe ngozi na damu kabla hujampa mtu yeyote sikio lako.